Mwajiri anapunguza mshahara ulio kwenye mkataba, nisaini?

Muulizaji:
Wakuu, naomba ushauri. Mkataba wangu wa muda maalumu umebakiza miezi 14. Barua ya utumishi inasema mshahara unashuka kwa asilimia 20 kuanzia mwezi ujao. Chini pana nafasi ya saini: "nimeipokea na kuikubali". Mwisho Ijumaa.

Kifungu:
Usisaini ilivyo. Mkataba ni makubaliano, na hata biashara ikiyumba mmoja haubadilishi peke yake. Msingi huo upo karibu kila nchi. Taratibu na muda wa kulalamika ndivyo vinavyotofautiana. Kata "na kuikubali", andika "nimeipokea tu, sikubaliani na yaliyomo", weka tarehe, baki na nakala. Usikatae kuipokea, wasije wakakugeuzia kuwa utovu wa nidhamu.

Kinachowaponza wengi ni kimya. Mshahara unaingia pungufu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mtu anachapa kazi tu. Akija kudai anaambiwa alishakubali kwa vitendo. Siku pesa inapoingia pungufu, andika: kiasi cha mkataba, kilicholipwa, tofauti yake, na kwamba unaendelea na kazi bila kukubali punguzo. Kila mwezi.

Mizani:
Tenganisha mshahara wa msingi na posho. Posho ya zamu ya usiku inaweza kukoma zamu ikikoma. Mshahara wa msingi hauguswi kirahisi hivyo, hata pakiwa na kipengele cha "mwajiri anaweza kurekebisha masharti". Siku ulizokwisha kufanyia kazi hulipwa kwa kiwango cha zamani. Na hata ukisaini, kima cha chini cha kisheria kiko palepale.

Makato, yaani pesa inayokatwa kwenye mshahara ambao wenyewe haujashushwa, ni suala jingine. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unayaruhusu kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria, mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi au uamuzi wa usuluhishi tu.

Muulizaji:
Wakisema nikikataa wananipunguza kazini?

Kifungu:
Hiyo njia anayo, ila ina gharama: sababu ya kweli, mashauriano, notisi, malipo. Kwako ni ngumu zaidi, kwani kuvunja mkataba wa muda maalumu kabla ya wakati kunaweza kumtia kwenye madai ya mishahara ya miezi iliyobaki. Labda ndiyo maana wanataka saini yako haraka. Usiache kazi kwa hasira, utawarahisishia.

Mizani:
Ukiamua kukubaliana nao, iwe nyongeza ya mkataba yenye tarehe ya mwisho, na kazi nayo ipungue: siku nne badala ya tano ndiyo hiyo asilimia 20. Mshahara utakaorudishiwa muda huo ukiisha uandikwe kwa tarakimu. "Tutakuongeza asilimia 20 baadaye" ni mtego: 100 inashuka hadi 80, asilimia 20 ya 80 ni 16, unaishia 96. Ongeza na mstari kwamba kiinua mgongo na malipo ya notisi vitakokotolewa kwa mshahara wa zamani.