Mjadala: Je, Full Clip inamtosha anayeanza kuwasikiliza Gang Starr?

Sindano: Wakuu, hili nalileta tulichambue. Full Clip: A Decade of Gang Starr ilitoka 1999, CD mbili, kazi ya miaka kumi ya kundi hili la hip hop la Marekani: Guru akirapu, DJ Premier akitengeneza biti. Wapo wanaoshikilia kwamba ukishakuwa nayo, albamu zenyewe ziache. Napinga. Ngoma hazikupangwa kwa miaka. Mwanzoni mwa CD ya kwanza zipo "Full Clip" na "Discipline", zote mpya za 1999, kisha inakuja "Words I Manifest" ya 1989. Anayeanza atajuaje kwamba amerudishwa nyuma muongo mzima?

Besi Nzito: Mkuu, nakukatalia. Mkusanyiko ni wa kusikilizwa, tarehe anayezitaka atazisoma kwenye kijitabu. Tena humo kuna ngoma usizozipata kwenye albamu zao za miaka hiyo. "Jazz Thing" ilitengenezwa kwa ajili ya filamu ya Spike Lee, Mo' Better Blues, mwaka 1990, na mpiga saksafoni Branford Marsalis yumo. "1/2 & 1/2" waliyofanya na kundi la rap la M.O.P. ni ya filamu ya Blade, 1998. "The Militia II" ina marapa Rakim na WC. Bila Full Clip utanunua albamu nzima ya filamu kwa ajili ya wimbo mmoja.

Pedi: Hoja ya Sindano ina uzito zaidi kwa anayejifunza kutengeneza biti. Kwenye "Words I Manifest", lupu (kipande kinachojirudia) ya wimbo wa jazi "A Night in Tunisia" inaachwa ijiendeshe. Ruka hadi "You Know My Steez" ya albamu ya 1998: wimbo wa mwimbaji Joe Simon umekatwakatwa vipande vifupi na kupigwa upya kwa vidole. Hayo ndiyo makuzi yenyewe ya Premier, na mpangilio wa kuchanganya unayaficha.

Vifaa vyake vilikuwa Akai MPC60 na S950, mashine za kurekodi vipande vya sauti na kuvipiga upya, zote za biti 12 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa sauti ya kidijitali, si mdundo), memori kiduchu. Maproduza wa enzi hizo walikuwa wanacheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, wanarekodi kipande, kisha wanakishusha noti ndani ya mashine. Nafasi ya memori inaokolewa, ila sauti za juu zinapungua, ndiyo maana biti zina ule ukavu. Ukitaka besi peke yake, nakili kipande hichohicho, kipitishe kwenye filta ya S950 ukate sauti za juu, kisha kilaze chini ya kile cha kwanza. Wengi wanaharibu kwenye kukata: ukiacha ukimya kidogo tu kabla ya pigo la kwanza, kila ukibonyeza pedi (kitufe cha mashine) mdundo unachelewa, na ukirudia lupu dakika tatu ngoma nzima inayumba. Sikiliza "Mass Appeal" ya 1994. Kipande kifupi cha "Horizon Drive" ya mpiga gitaa Vic Juris kinarudi tangu mwanzo hadi mwisho, na hakiyumbi hata mara moja.

Kwaruza: Na tuache kusema ni jazi tu. "Just to Get a Rep" imejengwa juu ya "E.V.A." ya Jean-Jacques Perrey, muziki wa sinthesaiza. "Who's Gonna Take the Weight?" ni fanki ya mpiga saksafoni Maceo Parker. Kwenye hili Full Clip inasaidia, maana zote zimo.

Sindano: Sawa, lakini "The Planet" ya Hard to Earn haimo. Ndiyo ngoma ambayo Guru anaeleza alivyotoka Boston kwenda Brooklyn kutafuta maisha. Muhtasari wa kazi ya mtu unaiachaje safari yake?

Besi Nzito: Hilo nakupa. Ila kupanga kwa miaka kungeipeleka "Full Clip" mwisho kabisa. Rapa Big L aliuawa kwa risasi Februari 1999, na ngoma hiyo inamtaja kabla hata mashairi hayajaanza. Msiba ulikuwa mbichi. Kuiweka mbele ilikuwa haki yake.

Pedi: Basi fanyeni hivi: Step in the Arena (1991), Daily Operation (1992), Hard to Earn, Moment of Truth (1998), kila moja nzima bila kuruka. Full Clip ifuate, kwa zile za filamu na zile mpya. The Ownerz ya 2003 itafuteni kivyake, ilitoka wakati mkusanyiko umeshafungwa.

Besi Nzito: Albamu nne kabla ya mkusanyiko? Anayeanza atakukimbia, mkuu. Mpe CD ya kwanza, akirudi kuuliza "Mass Appeal" inatoka wapi, ndipo umpe Hard to Earn.