Kumtunza mgonjwa wa kisukari katika chumba kimoja

Mama wa Kayole:
Ndugu zangu, tangu kafyu ya usiku ya kuzuia korona ianze hapa Kenya tarehe 27 Machi 2020, najiuliza nitamlindaje dhidi ya ugonjwa huo mama mkwe wangu, ambaye ana kisukari na shinikizo la damu, ilhali tunaishi watu sita katika chumba kimoja na mume wangu hupanda matatu kila siku kwenda kazini. Friji hatuna. Je, insulini, dawa yake ya sindano ya kushusha sukari, nitaihifadhi vipi?

Jirani wa Umoja:
Pole sana, dada. Chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hukaa takriban wiki 4 nje ya friji, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake; zile ambazo hazijafunguliwa ndizo huhitaji baridi ya friji, nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, kwa hiyo mwombe mwenye duka la dawa akuuzie moja moja. Iweke ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa chenye majimaji, mbali na jiko na jua.

Muuguzi Mstaafu:
Naongezea kuhusu virusi vya korona. Kumtenga kabisa katika chumba kimoja hakuwezekani, na anayekushauri hivyo hajawahi kuishi mtaani kwetu. Mlaze karibu na dirisha lililo wazi, mume anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumkaribia na avae barakoa anapomhudumia. Dawa za presha asiziache. Akianza kutapika au kupumua kwa haraka huku sukari ikiwa juu, mpelekeni hospitali usiku huo huo, hata kama ni saa za kafyu.

Mama wa Kayole:
Asanteni. Kesho nitaulizia chungu sokoni.