Karatasi moja "AS", nyengine "sikling hasi": tuelewe vipi?

Mkarafuu_Wete
Assalaam alaykum. Naomba wenye ujuzi watufafanulie kwa lugha nyepesi. Kuna posa huku Pemba, wahusika ni watoto wa ndugu: baba zao ni tumbo moja. Wote wamepimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Karatasi ya kijana imeandikwa "Hb AS". Ya binti imeandikwa "sikling: hasi" na basi. Wazee wengine wanasema kijana ni mgonjwa, wengine wanasema AS ni kundi la damu tu. Masuali yangu: AS ni nini hasa? Hasi ya binti inatosha? Na ile "robo" inayosemwa, maana yake katika watoto wanne mmoja lazima aumwe?

Darubini
Wa alaykumu ssalaam. Tuanze na kundi la damu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. A, B, AB na O ni alama za juu ya ganda la chembe nyekundu. AS inazungumzia kilichomo ndani ya chembe: himoglobini, protini inayobeba oksijeni. A hii na A ile hazina udugu wowote. Mtu anaweza kuwa kundi O na himoglobini yake ikawa AS.

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini. Maelekezo hayo yamepangwa kwenye kromosomu, nazo ni 46, jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Jeni inayotuhusu iko kwenye kromosomu namba 11, kwa hivyo kila mtu ana nakala mbili. Kwenye nakala ya S imebadilika herufi moja tu, kama mtu aliyekusudia kuandika "kata" akaandika "kati". Kwa herufi hiyo moja, himoglobini ikishaachia oksijeni inashikamana ikawa nyuzi ngumu, na chembe inajipinda kama mundu. Ndipo lilipotoka jina selimundu.

AA: nakala zote mbili nzima. SS: zote mbili zina kosa, na huyu ndiye mgonjwa. AS: moja nzima, moja ya S. Huyu anaitwa mbebaji. Himoglobini yake nyingi ni A, ile S huwa kama asilimia 35 hadi 40. Kijana wenu si mgonjwa, hahitaji dawa, wala hatageuka SS akizeeka.

Sasa "hasi" ya binti. Kipimo cha sikling ni hivi: tone la damu linachanganywa kwenye kioo na maji ya sodiamu metabisalfaiti ya asilimia 2, linafunikwa kwa kioo chembamba, na kingo zinazibwa kwa vaselini hewa isipenye. Dawa inaondoa oksijeni. S ikiwepo, chembe zinajipinda na kwenye darubini unaziona zimechongoka ncha mbili. Dawa hiyo inatakiwa itengenezwe siku ileile. Ikilala, nguvu zake zinakwisha na mbebaji anatoka hasi. Kingo zikivuja, hivyo hivyo. Slaidi ikisomwa kwa haraka, chembe za AS huwa bado hazijajipinda, kwa sababu zinachelewa kuliko za SS. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 au 4, mnapima na damu ya aliyemtolea. Na chanya nayo haikwambii kama ni AS au SS. Kwa posa, karatasi ya sikling peke yake mimi siikubali.

Mkunga_Chake
Naongeza kwenye robo. Ni robo kwa kila mimba, si zamu ya watoto. Kila mzazi AS anatoa nakala moja kama anayerusha sarafu: A au S. Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina robo ya AA, nusu ya AS, robo ya SS. Mimba inayofuata hesabu inaanza upya, haijui nani kamtangulia. Wazazi hao wakipata watoto wanne, uwezekano wa kutopata SS hata mmoja ni kama 32 katika 100. Wengine wanapata wawili au watatu. AS akioana na AA, hakuna mtoto SS. Kila mimba ni nusu AS, nusu AA. SS na AA, watoto wote ni AS.

Udugu hauzalishi jeni mbovu. Unaongeza nafasi ya nakala ileile ya babu au bibi kukutana kwa mjukuu. Kama S ya kijana imetoka kwa baba yake, na mmoja tu kati ya babu na bibi ndiye aliyekuwa mbebaji, basi ami yake ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo na binti ana robo, kabla hatujagusa upande wa mama yake.

Mkarafuu_Wete
Ahsanteni sana. Lakini upande wa binti wanasema ukoo wao haujapata kuwa na mgonjwa.

Mkunga_Chake
S inaweza kupita vizazi vingi kwa wabebaji watupu. Na zamani watoto wengi wa SS walifariki kabla ya miaka 5, ikasemwa ni homa au damu imepungua. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kuwa AS inamkinga mtu na malaria kali. Anaumwa malaria kama wengine, ila haimuui kirahisi. Ndiyo maana pwani yetu S ni nyingi.

Darubini
Ombeni elektroforesisi ya himoglobini kwa wote wawili, yaani kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme, au mashine ya HPLC, inayozitenganisha kwa njia nyengine. Damu mililita 2 zinatosha, chupa ya kifuniko cha zambarau. Msikubali jibu la neno moja. Takeni asilimia za A, S, F (himoglobini ya mtoto mchanga) na A2 (aina ambayo kawaida huwa kidogo tu). Ile A2 msiidharau. Ikizidi asilimia 3.5 huenda binti ni mbebaji wa beta thalasemia, ugonjwa mwengine wa jeni hiyohiyo, unaopatikana sana Bara Arabu na India, na visiwani kwetu damu zimechanganyika. Huyo sikling yake ni hasi ya kweli, lakini akizaa na AS, kila mimba ina robo ya mtoto mwenye S na thalasemia, na anaweza kuumwa kama SS. Kama madini ya chuma yamepungua, atibiwe kwanza, maana A2 hushuka ikaficha ukweli.

Wakiwa wote wabebaji na bado wakaamua kuoana, kila mtoto apimwe mapema. Akiwa SS aanze penisilini V akifika miezi 2, miligramu 125 mara mbili kwa siku, kwa sababu wengu wake hautamkinga na vijidudu vya nimonia. Sikling haifai chini ya miezi 6, himoglobini F inaficha S. Na mkipima siku za mwanzo, damu itolewe kisiginoni. Ya kitovuni huweza kuchanganyika na ya mama.