Tupeane uzoefu: bakteria wa tumbo na maumivu ya mwili mzima

Mleta mada, Nyegezi: Wanajamvi, salamu. Tangu nilipokutwa na bakteria wa H. pylori, najiuliza iwapo ndio wanaonisababishia maumivu ya mabega, mgongo na mapaja. Daktari alinieleza kwamba maumivu ya mwili mzima yanayozidi miezi 3, hasa yakiandamana na uchovu na usingizi usioburudisha, huweza kuwa fibromialjia, na kwamba uhusiano wake na bakteria hawa umechunguzwa lakini haujathibitishwa. Mliomaliza dozi, mwili ulipona au ni tumbo pekee?

Mchangiaji, Kirumba: Mimi nafunga dagaa pale soko la Mwaloni, kwa hiyo maumivu ya mgongo niliyahesabu kuwa sehemu ya kazi. Kila jioni nilimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, za duka la dawa, hadi siku moja nikatapika vitu vyeusi kama unga wa kahawa. Nilitibiwa kwa siku 14 kwa omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni na antibayotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini, na tumbo likatulia kabisa. Mgongo unauma vilevile. Mwenye H. pylori aziogope dawa hizo za maumivu, kwa kuwa nazo huchubua ukuta wa tumbo, na vikikutana hatari ya kidonda huongezeka.

Mchangiaji, Sengerema: Kwangu ilikuwa tofauti. Bakteria hawa wakikaa muda mrefu huweza kupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma na vitamini B12, na upungufu wa B12 huleta ganzi na hali ya kuungua miguuni, ndiyo iliyokuwa ikinitesa. Nilitibiwa vyote kwa pamoja nikapata nafuu, hivyo siwezi kuapa kwamba walioniumiza ni bakteria wenyewe.

Mchangiaji, Igoma: Nafanya kazi maabara. Kipimo cha damu huweza kuendelea kuonyesha chanya miezi mingi baada ya mtu kupona, kwa sababu hupima kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, si bakteria wenyewe. Pimeni choo, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli isimamishwe wiki 2 kabla. Wapo wanaorudia dozi kila mara kwa kufuata kipimo cha damu peke yake, jambo ambalo kwa kweli linasikitisha.

Mleta mada: Ahsanteni sana. Dada wa Sengerema, kipimo cha B12 uliandikiwa au uliomba?

Mchangiaji, Sengerema: Niliomba, kaka. Huku kwetu hakikuwepo, ikabidi nivuke kwa kivuko cha Kamanga nije mjini Mwanza.