Timu haifungi: tununue straika dirisha dogo au turekebishe njia ya mpira kumfikia?

Nguzo ya Pili

Wakuu, dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, linakaribia na hoja imerudi ile ile ya kila mwaka. Tuchukue timu ya mfano, ingawa wafuatiliaji wa timu za mkiani wataitambua haraka. Imecheza mechi 15, nusu ya msimu wa Ligi Kuu Bara. Ina mabao 9. Iko nafasi ya 14, na kwa utaratibu wetu wa timu 16, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, za 13 na 14 zinaingia mchujo. Viongozi wameshaamua: aletwe straika. Mimi napinga, na naomba nieleze kwa nini.

Kabla ya kutoa hata shilingi, benchi la ufundi likae na video za mechi 5 za mwisho. Mchore boksi kwenye karatasi, kila shuti liwekewe alama pale lilipopigiwa, na pembeni iandikwe mpira ulifikaje hapo: krosi, kona, pasi mpenyezo, kaunta au purukushani. Kazi hiyo haimalizi siku mbili. Mara nyingi utakuta zaidi ya nusu ya mashuti yamepigwa kutoka nje ya 18, yaani nje ya boksi la penalti. Shuti la mita 25 linaingia mara moja kwenye 30 hivi. Lile linalopigwa katikati, mbele ya goli, ndani ya mita 11, lina nafasi mara kadhaa ya hiyo. Sasa kama straika wako anagusa mpira mara mbili tu ndani ya boksi kwa dakika 90, kumbadilisha ni kubadilisha mpishi wakati jikoni hakuna unga.

Tatizo kubwa liko pembeni. Winga anapokea mpira mita 30 kutoka mstari wa goli, anainua kichwa, anamwaga krosi hapo hapo. Ndani yupo straika mmoja, mabeki wa kati wawili na golikipa. Mpira unakaa hewani muda wa kutosha kipa kutoka na kuudaka, na mabeki wanauona unakuja, wamesimama vizuri, nyuso zimeelekea mbele. Hapo hata mfungaji bora wa Afrika atalala njaa.

Dawa ni kuubeba mpira hadi karibu na mstari, kisha kuurudisha nyuma chini chini kuelekea alama ya penalti. Beki anayekimbilia goli lake hawezi kugeuka haraka, na mpokeaji aliye nyuma ya mpira hawezi kuwa ameotea. Lakini hilo linataka watu wanne: mmoja nguzo ya kwanza (iliyo karibu na mpira), mmoja nguzo ya pili (ya mbali), mmoja alama ya penalti na mmoja kwenye ukingo wa 18. Yule wa alama ya penalti ndiye roho ya shambulizi. Mabeki wakizama hadi mstari wa mita 5.5, ule wa boksi dogo la kipa, yeye anapunguza mwendo na nafasi inafunguka mbele yake. Kosa linaloua mipango hii ni wote watatu kukimbilia nguzo ya kwanza, au namba nane, yaani kiungo anayepaswa kufika alama ya penalti, kuwahi kufika na kukabwa akiwa amesimama.

Zoezi lake: nusu uwanja, washambuliaji 6 dhidi ya mabeki 4 na kipa. Vipindi vitatu vya dakika 5, mapumziko dakika 2. Bao la mpira uliorudishwa nyuma lihesabiwe mawili. Mabeki wakinyang'anya, wapewe sekunde 6 kuufikisha mpira mstari wa kati, ili wanaoshambulia wajifunze pia kurudi. Mara mbili kwa wiki, wiki sita.

Mwana Kagera

Mkuu, umeandika vizuri lakini wiki sita hizo timu ya nafasi ya 14 inazitoa wapi? Wiki sita ni mechi sita. Ukipoteza nne, kocha hayupo.

Tusisahau yaliyotokea karibu nasi. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ilikuwa na George Mpole. Alifunga 17, akawa kinara wa ligi mbele ya Fiston Mayele wa Yanga aliyekuwa na 16. Timu iliyotoka kupanda daraja ikamaliza ya nne na kwenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mpole akaenda zake klabu ya Lupopo, Kongo. Mwisho wa 2023/24 Geita ikashuka. Mtu mmoja anaweza kuipandisha timu ngazi nzima, na anapokosekana pengo linaonekana hadi jukwaani.

Jingine ni safari. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Ukicheza ugenini Jumamosi, Jumatatu miguu bado mizito, Jumanne mnanyoosha viungo tu. Siku za kufundisha kitu kipya zinabaki mbili. Straika mzuri hahitaji zoezi la dakika 15 ili ajue kusimama kati ya mabeki wawili. Anakuja nalo.

Nguzo ya Pili

Ndugu yangu, mfano wa Geita naukubali, ila umeuruka katikati. Timu haikushuka Mpole alipoondoka. Msimu wa 2022/23 ilibaki ligi kuu, ikashuka uliofuata. Ninachokiona ni hatari ya kujenga kila kitu juu ya mtu mmoja: akifanya vizuri ananunuliwa, nawe huna bei ya kumzuia wala njia nyingine ya kufunga. Kuhusu siku mbili za mazoezi, uko sahihi, ndiyo maana nilitaja zoezi moja tu na sikutaja mfumo mzima.

Kona Fupi

Naona mnabishana mkiwa mmeiacha njia ya bei nafuu kuliko zote: mipira iliyokufa, yaani inayoanzishwa baada ya mchezo kusimama kama kona na mpira wa kurusha. Haihitaji mtu mpya, haichoshi miguu, na uwanja mbovu hauiharibu sana. Midtjylland ya Denmark ilitwaa ubingwa wake wa kwanza 2014/15 ikiwa imeigeuza mipira hii kuwa silaha kuu. Haikuwa timu tajiri kuliko wapinzani wake.

Kona yenyewe huzaa bao kidogo, tatu hivi kwa kila 100, kwa hiyo timu inayopiga kona tano kwa mechi bila mpango itasubiri mechi sita au saba. Mpango unapandisha hesabu hiyo. Angalieni kona za timu za chini: mpira unapigwa, unaishia kwa beki wa kwanza kwenye nguzo ya karibu, kimo cha kifua. Hiyo si bahati mbaya. Mpigaji hana sehemu aliyoelekezwa. Panga koni nne kati ya nguzo ya kwanza na katikati ya goli, juu ya mstari wa mita 5.5. Teua wapigaji wawili, mmoja wa mguu wa kulia, mmoja wa kushoto. Kila mmoja apige mipira 20 kila upande baada ya mazoezi, na ihesabiwe ile tu iliyopita juu ya kichwa cha koni ya kwanza na kushuka ndani. Asiyefikisha 12 kati ya 20 asipige siku ya mechi, hata akiwa nahodha.

Ndani waende watano. Mmoja asimame mbele ya kipa bila kumshika mikono, kwani akimshika ni faulo na bao linafutwa. Wawili waanzie mbali, kwenye alama ya penalti, waingie kwa kasi mpira unapopigwa. Anayeruka akitokea mbio humzidi anayeruka akiwa amesimama. Mmoja anyemelee nguzo ya pili. Wa tano amzuie njia beki wao hodari wa vichwa. Nje ya 18 wabaki wawili kwa mpira unaotemwa, na nyuma wawili wa kulinda kaunta.

Na mpira wa kurusha! Hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, wala kwenye kona, wala kwenye mpira wa goli (goli kiki). Kila wiki wachezaji wanasimama nyuma ya mrushaji wakisubiri mguuni. Mmoja akimbie nyuma ya beki, utaona safu nzima ya ulinzi inavyovurugika.

Mlipa Kodi

Niongeze la fedha. Ligi yetu ina timu za taasisi za umma. KMC, kwa mfano, ni ya Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni. Timu ya namna hiyo ikinunua straika wa kigeni kwa ada ya usajili, mshahara, nyumba na tiketi za ndege, wananchi wana haki ya kuuliza amefunga mangapi kwa kila milioni. Mipira 20 baada ya mazoezi haina ankara.

Kocha wa Vijana

Ninyi nyote mnazungumzia mpira ukiwa tayari mbele. Unafikaje? Timu nyingi za chini zimeiga kuanza na pasi fupi toka kwa kipa, hasa tangu sheria ya 2019 iruhusu mpira wa goli kupokelewa ndani ya boksi. Kwenye nyasi zilizotoka mabonde, pasi ya mita 10 inaruka juu ya kiatu, beki anapata mguso wa pili akiwa tayari na mtu mgongoni. Magoli mnayofungwa hapo ndiyo yanayowafanya viungo waogope kupanda, na wasipopanda, yule mtu wa alama ya penalti hayupo.

Kwenye uwanja wa namna hiyo piga mrefu, lakini kwa mpango. Mpira uelekezwe upande mmoja tu, kwa mtu mmoja mwenye mwili. Winga wa upande huo apite nyuma yake, namba kumi (kiungo mshambuliaji) na namba nane wakae mita 8 hadi 10 kutoka kwake, wasubiri mpira unaoanguka. Wakiwa mita 20 mbali, umebutua tu. Beki mmoja wa pembeni apande, mwenzake abaki na mabeki wa kati na namba sita (kiungo mkabaji). Wakipanda wote wawili, kaunta moja inafuta kazi ya dakika 70.

Mwana Kagera

Kocha, hapo umenirudisha kwangu: huyo "mtu mwenye mwili" ndiye ninayemtaka. Kona nakubali zianze kesho, sina ubishi. Lakini nikipewa nafasi moja ya usajili, sitaangalia mabao yake ya msimu uliopita pekee. Nitatoa penalti zote, nihesabu amefunga mangapi kwa mguso mmoja ndani ya mita 11, nimtazame mechi tatu nzima alizokosa kufunga, nione kama bado alikuwa anakimbilia nguzo ya kwanza dakika ya 85.

Nguzo ya Pili

Mkuu, ukimpata huyo nitampokea. Ila nafasi hiyo moja mimi ningempa winga wa mguu wa kushoto anayeweza kufika mstarini. Timu yetu ya mfano inashambulia upande wa kulia tu, na mabeki wa pembeni wa ligi nzima wameshalijua hilo.