Rojo la tufaha, ndizi au mtindi: kipi kichukue nafasi ya mafuta kwenye keki?

UngaNaMwiko
Wadau, nataka kupunguza mafuta kwenye keki hii: unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 200, mafuta mililita 120, mayai 2, maziwa mililita 120, bekin pauda vijiko 2 vya chai. Nimebakiwa na machaguo matatu: rojo la tufaha (matufaha yaliyopikwa na kupondwa) lisilo na sukari, ndizi mbivu ya kuponda, na mtindi mzito. Kipi kinaharibu keki kidogo zaidi, na kwa kiasi gani?

Mdalasini
Angalia kwanza mafuta yanafanya kazi gani humo. Rojo la tufaha ni maji kwa karibu asilimia 88. Kinachobaki zaidi ni sukari ya tunda, nyuzinyuzi na pektini, ile inayofanya jamu igande. Linaleta unyevu, ila halina ulaini wa mafuta. Mafuta huzifunika chembe za unga ili gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, isijijenge sana. Ukiyatoa yote, unga unakunywa maji ya tufaha, gluteni inashikana, na keki inatoka kama mpira, na ukiikata unakuta mashimo marefu yaliyopanda juu.

Kwa hiyo nusu kwa nusu: mafuta mililita 60, rojo mililita 60. Hapo tofauti haionekani sana. Kupunguza kalori bado unapunguza vya kutosha, maana gramu 100 za mafuta zina kalori karibu 900 na gramu 100 za rojo lisilo na sukari zina kama 42. Kubadilisha yote inawezekana kwenye mafini na mikate ya karoti au ya viungo, ambayo uzito kidogo hauidhuru.

Siagi_Kwanza
Nakubaliana na Mdalasini, lakini hesabu hiyo ni ya keki ya mafuta. Keki inayoanza kwa kupiga siagi na sukari ni habari nyingine kabisa. Siagi ikipigwa na sukari hushika viputo vidogo vya hewa, na bekin pauda huja kuvikuza viputo hivyo hivyo. Rojo halishiki hewa, hata ulipige saa nzima. Ukilazimika, bakiza angalau nusu ya siagi, uipige na sukari kama kawaida, kisha rojo liingie baada ya mayai. Mchanganyiko ukikatika, yaani ukifanya mabonge na kutoa maji, ongeza kijiko kimoja cha unga kabla ya kuendelea.

Na biskuti achana nazo. Hazitatanuka kwenye trei wala kukauka vizuri. Utatoa vikeki vidogo bapa.

Mwokaji_Mkimya
Kuhusu hayo machaguo matatu:

Ndizi ina wanga na utamu mwingi. Inashikanisha kuliko tufaha, keki inakuwa nzito, na ladha yake haifichiki hata kwenye chokoleti. Tumia iliyojaa madoa meusi, na punguza sukari vijiko 2 vya chakula.

Mtindi ndio ninaoupendelea kwa keki nyeupe. Una protini, na kama haujaondolewa mafuta una mafuta kidogo pia, hivyo keki inakuwa na chembe laini. Kwa kuwa una asidi, mililita 120 za mtindi zinahitaji robo kijiko cha chai cha bekin soda. Usizidishe, utasikia ladha ya sabuni.

Tufaha ndilo lenye ladha tulivu kuliko ndizi. Chokoleti, mdalasini, karoti, shayiri: zote hulimeza. Kwenye keki ya vanila utalihisi kwa mbali.

UngaNaMwiko
Asante sana. Na kama kuna mlaji asiyekula mayai, rojo hilo hilo linafaa?

Mdalasini
Yai 1 badala yake weka rojo mililita 60 pamoja na nusu kijiko cha chai cha bekin pauda ya ziada. Kwa yai moja matokeo ni mazuri, kwa mawili yanavumilika, zaidi ya hapo acha. Protini ya yai ikipata joto huganda na kuishikilia keki. Rojo halina cha kuganda namna hiyo.

Kosa linaloua keki ni kubadilisha mafuta na mayai yote kwa rojo kwa mpigo mmoja. Juu inaiva, katikati inabaki mbichi yenye kunata, na kuongeza muda kunaunguza kingo tu. Mayai yakitoka, mafuta yabaki. Au tumia mbegu za kitani zilizosagwa: kijiko 1 cha chakula kwa maji vijiko 3, subiri dakika 10 mpaka yavute, kwa kila yai. Keki inayoumuka kwa povu la ute wa yai haiwezekani kabisa kwa tufaha. Hapo maji ya dengu (chickpeas) zilizochemshwa ndiyo yanayopigika.

Jiko_Dogo
Nawaongezea kuhusu rojo lenyewe, maana keki nyingi zinaharibika hapo. Matufaha 4 ya wastani, menya, toa moyo na mbegu, kata vipande vya sentimita 2. Maji mililita 120, maji ya ndimu kijiko 1 cha chai. Funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20, kisha ponda. Baada ya hapo liache motoni bila mfuniko, ukikoroga, mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Likijifunga papo hapo, bado lina maji mengi.

Lipoe kabisa kabla ya kutumia. La moto linaamsha bekin pauda mapema, na mayai yanaweza kuanza kuganda. Linalozidi gandisha kwenye trei ya barafu. Likiyeyuka litatoa maji, yakoroge yarudi ndani.

Siagi_Kwanza
Msije mkalitumia pia kufuta sukari yote. Sukari inalainisha keki na kuipa rangi. Toa isiyozidi nusu, na ukiweka rojo mahali pake punguza maziwa. Tena usifanye hivyo kwenye keki ambayo umeshaipunguzia mafuta.

Mwokaji_Mkimya
Kuchanganya: vikavu bakuli moja, vimiminika jingine, unganisha kwa mwiko na uache mara tu unga mkavu unapopotea. Mabonge madogo hayana shida. Oveni nyuzi 175, anza kuchungulia dakika 5 kabla ya muda ulioandikwa, maana keki yenye mafuta machache ikipita kidogo tu inakauka. Vikaratasi vya mafini vipake mafuta, la sivyo nusu ya mafini itabaki kwenye karatasi. Siku mbili nje ndani ya chombo chenye mfuniko zinatosha, kisha friji, kwa kuwa unyevu huu unavuta ukungu haraka.

UngaNaMwiko
Basi: mafuta 60, rojo 60, mayai 2 yabaki, sukari ibaki. Maziwa je?

Mdalasini
Yashushe hadi mililita 90. Mchanganyiko ukidondoka kutoka kwenye mwiko kwa mabonge mazito yasiyotaka kuachia, rudisha kijiko kimoja kimoja cha chakula, sio yote 30 kwa pamoja.