Risasi gani ya kupigia kanga na kwale? Bunduki ni ya zamani, geji 12

Mwana_Lukuledi:

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu, hasa wa mikoa yetu ya kusini.

Nipo Lukuledi, Masasi. Marehemu baba mkubwa aliacha bunduki ya marisau (vile vidonge vidogo vidogo vinavyotoka vingi kwa mpigo), geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Imetengenezwa Uingereza. Polisi tumeshamaliza taratibu zote, sasa namiliki kihalali kwa jina langu. Enzi zake ilikuwa ya kulindia shamba tu, nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo na karanga. Mimi nataka kuomba leseni ya ndege: kanga na kwale.

Kinachonitatiza ni risasi. Dukani nimeonyeshwa maboksi matatu. La kwanza la Kimarekani, namba 4. La pili la Kimarekani pia, namba 7½. La tatu halina namba, limeandikwa tu 2,7 mm na 30 g. Halafu nyumbani zimebaki zile nzito za baba mkubwa, zenye vidonge tisa vikubwa. Jirani ananiambia kanga ana manyoya magumu, nimpige na hizo hizo za nguruwe, hachomoki. Mwingine anasema nichukue 7½ kwa sababu zinatawanyika, huwezi kukosa. Nishike lipi?

Chini ya mitutu kuna mihuri mingi. Ninayoweza kuisoma ni 12, 2½" na 1⅛ oz. Sijui kama ina maana yoyote kwenye hili.

Liwale_Bara:

Mkuu namba 4, usihangaike. Huku kwetu kanga anaruka mbali, ukimgusa na risasi ndogo anaenda kufia porini anakuwa chakula cha mbweha. Namba 4 anashuka hapo hapo.

Fundi_wa_Nachi:

Mjomba wa Lukuledi, pole kwa msiba wa baba mkubwa. Kabla hatujafika kwa kanga, tuanze na hiyo 2½ uliyodhani haina maana, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuangalia.

Huo ni urefu wa chemba, yaani pale risasi inapokaa ndani ya mtutu. Inchi 2½ ni milimita 65. Risasi nyingi zinazouzwa siku hizi ni za milimita 70, na nyingine zinafika 76. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi wanapotea: urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishapigwa na kufunguka mdomo. Kabla ya kupigwa mdomo umekunjwa, ganda linakuwa fupi. Kwa hiyo risasi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila shida yoyote, bunduki inafunga, unajiona uko salama. Ukifyatua, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka, unabana njia ya marisau, na msukumo wa baruti ndani ya mtutu unapanda. Bunduki za Kiingereza za namna hiyo zina mitutu myembamba. Haikutengenezewa hilo, na mkono wako wa kushoto unakaa hapo hapo mbele.

Rudi dukani, usome kila boksi kabla ya kuuliza bei. Tafuta 65. Kama yote matatu ni 70, yaache yote. Na asitokee mtu wa kukwambia chemba inaweza kuchongwa ikaongezeka, ukamkubalia. Mpelekee fundi bunduki anayetambulika aipime mitutu kwanza, hata kabla ya kununua chochote.

Hiyo 1⅛ oz ni uzito wa juu kabisa wa marisau ambao bunduki imethibitishwa kuubeba, kama gramu 32. Bunduki hizi zilizoea kula gramu 30. Mimi ningekupa 28 hadi 30, usiende juu.

Sasa namba. Namba 6 ya Marekani na namba 6 ya Uingereza si saizi moja, ndiyo maana mimi husoma milimita. Ya Kimarekani ina hesabu yake rahisi: toa namba kwenye 17, unapata upana wa risau kwa mia za inchi. Namba 4 inabaki 13, ambayo ni milimita 3.3. Namba 6 inabaki 11, milimita 2.8. Namba 7½ inabaki 9.5, milimita 2.4. Ya Uingereza namba 5 ndiyo 2.8, na namba 6 ni 2.6. Hilo boksi lako lisilo na namba, la 2,7, limekaa katikati ya sita mbili hizo. Kwa mtu anayetafuta risasi moja ya kanga na kwale, ni saizi nzuri sana, ikiwa tu urefu wake ni 65.

Ndugu yangu wa Liwale, namba 4 siipingi kwa sababu ya nguvu. Nguvu inayo. Lakini kwenye gramu 30 za namba 4 unapata marisau 140 na kitu. Za 2,7 unapata karibu 260. Kanga anapokimbia anakuonyesha kichwa kidogo na shingo nyembamba, na kinachomlaza ni marisau kadhaa kumfikia kwa pamoja sehemu hizo. Ukiwa na machache, kwenye mita 30 na kitu yanaacha mapengo ambayo kichwa kinapita. Huyo anayekwenda kuliwa na mbweha mara nyingi amepigwa risau moja la tumbo, na la namba 4 halimsaidii mtu hapo. Kwa bunduki ya chemba ndefu inayobeba gramu 36, namba 4 au 5 nitakubaliana nawe.

Namba 7½ ni marisau karibu 370 kwa gramu 30. Kwa kwale anayebubujika miguuni kwako kutoka kwenye majani, kwa hua, kwa tombo, sawa kabisa. Kwa kanga wa mita 35 yamekwisha nguvu, unamjeruhi tu.

Zile za vidonge tisa ziweke mbali na habari ya ndege. Vidonge tisa kwenye mita 30 vimeachana, kanga mzima anakaa kati ya kidonge na kidonge. Tena kuna jambo kubwa zaidi. Risau hukoma mbali kadiri lilivyo nene. Ya 2,7 inaweza kusafiri zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Kidonge cha milimita 8.4 kinaweza kufika mita 600 na zaidi. Kwetu huku miezi ya Oktoba na Novemba watu wako chini ya mikorosho wanaokota, wameinama, huwaoni. Kanga naye anapenda kukimbia usawa wa ardhi akiingia shamba hadi shamba. Mimi kanga anayekimbia chini kuelekea mikorosho simpigi, awe mnono vipi. Nasubiri anyanyuke, nione anga nyuma yake.

Mwana_Lukuledi:

Shikamoo mzee. Nimekusoma mara mbili. Nimempigia mwenye duka akasoma upande wa boksi: hilo la 2,7 ni 12/65. Mengine yote mawili ni 70. Nashukuru sana. Bunduki naipeleka kwa fundi kwanza.

Maswali mawili. Nitajuaje mtutu upi unatawanya na upi unabana? Na zile risasi za zamani nizifanye nini, zina ukungu wa kijani kwenye kitako cha shaba.

Fundi_wa_Nachi:

Marahaba mjomba. Za kijani usipige. Zirudishe polisi kitengo cha silaha, nao watakuelekeza. Unyevu wa huku hauna huruma, hasa mtu akiishi karibu na pwani. Risasi mpya ziweke kwenye debe lenye mfuniko unaobana, ndani ya sehemu ile ile ya kufungia kwa kufuli, na usizichomoe kwenye boksi lake, maana boksi ndilo linalokwambia ni 65.

Mitutu: kwa kawaida kifyatulio cha mbele ni cha mtutu wa kulia, nao mdomo wake umeachiwa wazi zaidi. Cha nyuma ni cha mtutu wa kushoto, una choki, yaani mdomo uliofinywa kidogo, unabana marisau yaende pamoja umbali mrefu. Lakini kwa bunduki ya zamani usiamini mazoea, ipime, na upimie mahali unaporuhusiwa kupiga.

Chukua mifuko ya saruji, pasua, gundisha upate karatasi ya zaidi ya mita moja kila upande. Iwambe kwenye miti miwili, nyuma yake kichuguu kikubwa au kingo ya mchanga. Weka nukta katikati. Pima mita 30 kwa kamba, piga mtutu wa kulia, badilisha karatasi, piga wa kushoto. Tafuta pale marisau yalipokaa mengi, chora duara la sentimita 76 upana. Hesabu yaliyo ndani ukitaka, lakini mimi nafanya hivi: nakata boksi gumu kwa umbo la kanga, kichwa, shingo na kifua bila mabawa, naliweka juu ya karatasi na kulisogeza sehemu mbalimbali za duara. Kila mahali linapotua nataka kuona matundu manne au matano chini yake. Nikipata sehemu lina moja au halina kabisa, najua umbali huo ni mkubwa kwa mtutu huo, narudi mita 25, napiga tena. Utaona pia kama bunduki inapiga juu au pembeni ya nukta. Zipo zinazopiga hatua nzima kushoto na mwenyewe anajilaumu miaka yote kuwa hana shabaha.

Mlio ukiwa dhaifu, kama umepiga hewa, simama. Elekeza mdomo pembeni salama, subiri, fungua, toa ganda, angalia mwanga ndani ya mtutu. Kikombe cha plastiki kinachobeba marisau huweza kubaki humo, na risasi ya pili ikikikuta mtutu unapasuka. Kwa sababu hiyo hiyo, nyumbani kwako isiingie risasi ya geji 20. Huteleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele, na wewe unaona chemba iko tupu.

Nesi_Mikindani:

Kaka zangu, naomba niongeze upande wa jikoni, maana huyu kanga ataliwa na watoto. Marisau mengi ni madini ya risasi, na ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama mjamzito. Usitoe vidonge vinavyoonekana tu ukaridhika. Kata na utupe nyama yote iliyochubuka na kuingia damu kuzunguka tundu, kwa sababu vipande vidogo visivyoonekana hubaki humo. Utumbo usimtupie mbwa wala kuuacha porini, tai na furukombe wanaokula wanadhurika, ufukie. Denmark walipiga marufuku marisau ya risasi tangu 1996, na nchi za Umoja wa Ulaya zimeyakataza kwenye maeneo ya ardhi oevu tangu 2023.

Kwa hiyo mzee, si bora anunue ya chuma?

Fundi_wa_Nachi:

Binti yangu, uliyosema kuhusu nyama ni kweli tupu, na nyumbani kwangu tunafanya hivyo hivyo. Lakini ya chuma kwa bunduki hii, hapana. Chuma ni kigumu, hakibonyei kinapopita kwenye choki, kitaharibu mtutu mwembamba wa zamani. Pia ni chepesi kuliko risasi, ukitaka nguvu ile ile unapanda saizi mbili. Yapo marisau ya bismathi, madini mengine yasiyo risasi wala chuma, yanayopigika kwenye bunduki za zamani bila kuleta sumu hiyo, bei yake iko juu. Mjomba akiyapata ya 65 na mfuko ukiruhusu, ayachukue hayo. Asipoyapata, asipige karibu na maji kabisa, kwenye mabwawa na madimbwi ya Lukuledi ambako mabata wanachokora tope na kumeza.

Na mjomba, leseni ikitoka soma eneo, msimu na idadi iliyoandikwa, utembee nayo. Kanga wakishapanda mitini jioni waache. Kuwamulika tochi usiku ni kosa kisheria, na kundi likipigwa kwenye mti wa kulala linahama eneo lote. Ukishapiga karatasi, weka picha hapa za mitutu yote miwili, uandike mita, tuone kushoto kunabana kiasi gani.